Neno "Mateka" na Sheria ya Vita: Kukisoma Tena Kitabu cha Tippu Tip

Kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wa bara walimwita Tippu Tip, ni katika vitabu vya kwanza vya Kiswahili ambavyo mtu alisimulia humo mambo yake mwenyewe. Alikiandika katika uzee wake, kabla ya kufa kwake mjini Unguja mwaka 1905. Heinrich Brode, Mjerumani wa ubalozi, alikitia katika herufi za Kirumi na kukitoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Baadaye, katika 1958 na 1959, W. H. Whiteley alikitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lugha yake husifiwa, na ni haki isifiwe, kwa maana mwenyewe asema kama mfanya biashara atoavyo hesabu yake, bila mapambo. Lakini msomaji aliyekwisha kuisifu lugha amebakiwa na kazi nyingine, nayo ni kuyapima maneno. Neno tutakalo kulipima hapa ni mateka.

Mzizi wake ni kuteka. Mtu huteka maji kisimani, na jeshi huteka mji. Kitekwacho ni mateka, na kamusi kubwa ya 1939 hukusanya chini ya neno hili moja nyara za mali na watu waliokamatwa pia. Sarufi nayo hutupa njia mbili. Tukisema "mateka haya", tumesema vitu. Tukisema "mateka hawa", tumesema watu. Basi katika kisa cha vita, ambapo pembe, shaba, chumvi na wanadamu hutajwa kwa pumzi moja, neno hili huwafunika wote kwa nguo moja, wala msomaji haambiwi ni nani aliyekamatwa, wala kwa haki gani.

Sheria ya Kiislamu haikuyachanganya mambo hayo. Mfungwa wa vita kwa Kiarabu ni asir, na mali iliyopatwa vitani ni ghanima; kila moja lina mlango wake. Tangu Kanoni Godfrey Dale alipotoa tafsiri yake ya Kurani katika 1923, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy yake iliyotimia katika 1969, asiyejua Kiarabu aweza kuyatazama mwenyewe kwa Kiswahili. Aya ya 4 ya sura ya 47 yataja mambo mawili kwa wafungwa vita vikiisha: kuachiliwa kwa hisani, au kukombolewa kwa fidia. Sura ya 76, katika aya ya 8, yawasifu wale wampao chakula maskini, yatima na mfungwa. Baada ya vita vya Badri, mwaka 624, wafungwa wapatao 70 waliletwa Madina. Wawili waliuawa, wengi walikombolewa kwa fedha, na wapokezi wa habari husema ya kuwa wengine wasio na mali waliwafundisha watoto wa Madina kuandika, ndiyo iliyokuwa fidia yao. Baada ya vita vya Hunaini, mwaka 630, wanawake na watoto wa Hawazini, wanaohesabiwa kuwa 6,000, walirudishwa kwa watu wao.

Lakini haifai tuseme nusu ya neno. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio waliofuatwa na Waswahili wengi wa Unguja, walimpa imamu hiari ya mambo manne kwa wanaume waliotekwa: kuwaua, kuwafanya watumwa, kuwaacha huru, au kuwatoa kwa fidia. Wanawake na watoto walihesabiwa kuwa watumwa kwa kule kutekwa tu. Mlango huu ulikuwamo katika vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa pwani, na atakaye kuutetea Uislamu kwa kuuficha hausaidii ukweli. Hata hivyo mlango huo ulikuwa na makomeo. Vita hivyo vilitakiwa viwe kwa idhini ya imamu, si kwa matakwa ya mtu mwenye bunduki. Watu ambao wito wa dini haujawafikia sharti waitwe kwanza. Mwislamu huru hawezi kutiwa utumwani. Waliofanya mapatano ya amani hawaguswi. Na mama hatenganishwi na mtoto wake mdogo katika kuuzwa.

Sasa tuurudie ule mwandiko wa Tippu Tip, tuupime kwa kipimo cha dini yake mwenyewe, wala si kwa chetu. Tutwae vita vyake na Nsama, mtawala wa Itabwa, katika 1867, mwaka ule ule ambao David Livingstone alikuwa katika nchi hizo na akazuiliwa safari yake na vita hivyo. Kwa maneno ya Tippu Tip mwenyewe, alikwenda kutafuta pembe, naye Nsama alimfanyia hila na kumpiga kwa mishale. Kujilinda ni halali katika kila sheria, nasi hatumlaumu kwa hilo. Lakini baada ya kujilinda yafuata mambo mengine: mji umeingiwa, pembe zimechukuliwa, watu wamekamatwa. Sultani Majid, aliyetawala Unguja wakati huo, hakuamuru vita hivyo, wala hakuna mjumbe aliyetangulia kuwaita watu wa Itabwa katika dini. Vilikuwa vita vya biashara, mwanzo wake na mwisho wake. Kwa hiyo, kwa sheria ya Shafii hasa, waliokamatwa pale hawakuwa na sifa ya wafungwa wa jihadi. Walikuwa watu walionyang'anywa. Mwandishi hakusema uongo, alitumia tu lugha iliyokubali kuwahesabu bila kuuliza.

Mahali pa pili ni pa ajabu zaidi. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip alifika Utetera, katika nchi ya Kongo ya leo, ambako mtawala alikuwa mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia ya kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mzee yule walitekwa vitani, wakapelekwa mbali. Basi akajitoa kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akasadiki, akamwachia utawala na pembe zake. Tippu Tip hatufichi ya kuwa hiyo ilikuwa hila yake, na wasomaji wengi hucheka wafikapo hapo. Sisi twaona pana neno la kufikiri. Ukoo mzima ulikuwa bado unamkumbuka mwanamke aliyetekwa, na ulikuwa tayari kumpokea mjukuu wake na kumkalisha katika kiti cha enzi. Kwa watu wa Utetera aliyetekwa hakukoma kuwa ndugu. Mwandishi aliifahamu huzuni hiyo vema hata akaweza kuitumia. Lakini kwa wale aliowateka yeye, hatuandikii ukoo wala jina la aliyekuwa akiwangoja.

Huenda mtu akasema ya kwamba sheria hizi zilikuwa za vitabuni tu, na kwamba watu wa wakati ule hawakuzijua. Mambo ya Unguja yenyewe yakataa. Katika 1859 Barghash bin Said alimwasi nduguye Majid, akajiimarisha katika shamba la Marseilles, kule Machui. Alishindwa. Hakuuawa, watu wake hawakuuzwa, wala hakuna aliyewaita nyara. Alipelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili, akarudi, na katika 1870 akawa Sultani. Ni kweli mkono wa balozi wa Kiingereza, Rigby, ulikuwa mzito katika shauri lile. Lakini pia ni kweli kwamba Waibadhi, ambao ndio dini ya Mabusaidi, hawahalalishi kuwatia utumwani wala kuwanyang'anya mali Waislamu waliopigana nao. Basi mjini palijulikana sana ya kuwa si kila ashindwaye vitani ni mali. Kipimo kilikuwapo. Kilitumiwa kwa mwana wa Sultani, hakikutumiwa kwa mtu wa Itabwa.

Lugha ya mjini nayo ilisaidia kusahau. Mtumwa mgeni aliitwa mjinga. Aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake aliitwa mzalia. Mwanamke aliyefanywa wa nyumbani aliitwa suria. Maneno haya yote huuliza mtu amekaa hapa muda gani, au ana kazi gani. Hakuna hata moja liulizalo alitekwa na nani, katika vita gani. Na swali hilo ndilo sheria ililolitanguliza. Ahmad Baba wa Timbuktu aliliandikia kitabu tangu karibu na mwaka 1615, akisema ya kuwa sababu ya utumwa katika sheria ni ukafiri wala si weusi, na kwamba yafaa kuuliza mtu ametoka nchi gani. Katika soko la Mkunazini, ambako katika miaka ya 1860 wafanya biashara wa Unguja walipitisha watu wanaokisiwa kufika 20,000 kwa mwaka, mnunuzi alitazama meno na miguu. Watoto waliuzwa peke yao, na lile komeo la mama na mtoto lilikuwa limekwisha vunjwa. Soko lilifungwa kwa mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, ambayo Barghash, yule yule mfungwa wa zamani, aliyatia mkono kwa kulazimishwa na Waingereza. Utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya sheria Unguja katika 1897.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Waandishi wengi wa Kizungu, na wa misheni miongoni mwao, walisimulia habari za Mkunazini kana kwamba kila lililotendeka pale lilitoka katika Kurani. Hiyo nayo ni kuchanganya. Wafanya biashara walitenda kinyume cha masharti ya fikihi yao. Wanachuoni wa fikihi waliacha mlango ambao ungaliweza kufungwa kwa aya ile ya hisani na fidia. Na wanunuzi wa mbali, Wazungu wa Mauritius na Bourbon katika zama zao, hawakusoma Kurani hata kidogo. Kila mmoja ana fungu lake, na haifai fungu la mmoja litwikwe mwingine.

Basi twawashauri waalimu na wafasiri wa leo mambo matatu. Kwanza, kwa askari aliyekamatwa katika vita tuseme "mfungwa wa vita", na neno mateka tulitumie tukijua ya kuwa ndani yake mna unyang'anyi. Pili, neno hilo likitajwa kwa wanadamu, upatanisho uwe wa watu daima: mateka hawa, mateka wao, mateka waliokombolewa. Tatu, mwanafunzi akisoma kitabu cha Tippu Tip, na akisome, kwa kuwa ni hazina ya lugha, aulizwe kila mahali pa vita: ni nani aliyeamuru, waliotekwa ni nani, na mwisho wao ulikuwaje. Wako katika Unguja, mjini na mashamba, wajukuu wa watu wale ambao mwandishi hakuwataja majina. Wakiambiwa ya kuwa wazee wao walitekwa kwa vita vya haki, wanaweza kujibu, kwa sheria ile ile iliyotumiwa kuwashika, kwamba sivyo.