Kiuno cha Mtungi

Albarelo, ule mtungi wa dawa wa hospitali za kale za Italia, umebanwa katikati kama mtu aliyejifunga kibwebwe. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni madoido ya mfinyanzi. Kumbe kiuno kile kina kazi. Rafuni mitungi ilisimama bega kwa bega, na mwenye kutaka mmoja alipenyeza vidole kwenye mwanya ule, akauvuta bila kuwagonga jirani zake. Mtungi ulionyooka kama bomba ungemtoa jasho.

Mdomoni napo pana akili. Mitungi mingi haikuwa na kifuniko cha udongo. Ilifunikwa kwa ngozi au kitambaa, kikakazwa kwa uzi, na ukingo uliopinda nje ukauzuia uzi usichomoke. Aliyewahi kufunga mtungi wa achari hana haja ya kuelezwa zaidi.

Umbo hilo lilitoka Syria na Uajemi. Weupe wa kioo kinachoufunika mtungi ni wa kale zaidi: wafinyanzi wa Iraq wa karne ya 9, wakiviiga vyombo vya Kichina, walitia bati (si la kuezekea, ni madini yenyewe) kwenye uji wa kioo, ukageuka mweupe kama maziwa. Vigae vya vyombo vyeupe vya Iraq vya zama hizo vimefukuliwa Manda, kwenye visiwa vya Lamu. Wapwani walikuwa wameshaujua weupe huo mamia ya miaka kabla Florence haijaanza kuutengeneza.

Lakini kinachonishika mimi ni brashi. Mtungi ukishachomwa mara ya kwanza huchovywa kwenye ule uji wa risasi, bati na mchanga, ukakauka ukawa vumbi tupu, kama chokaa ukutani. Juu ya vumbi hilo ndipo mchoraji huandika. Vumbi hufyonza rangi papo hapo: ukisita, doa; ukikosea, hakuna kufuta. Na haandiki kwenye karatasi: anaandika kwenye kitu cha mviringo kinachosinyaa kiunoni, huku akikigeuza. Cipriano Piccolpasso wa Castel Durante, aliyeandika juu ya ufinyanzi kwenye miaka ya 1550, anataja brashi za manyoya ya mbuzi na ya punda, na zile nyembamba kabisa za masharubu ya panya. Panya! Nani alikuwa akiwakamata, sijui, ila kazi ilistahili mshahara.

Tazama kwa karibu jina la dawa lililoandikwa mtungini. Herufi huanza na buluu nzito, hufifia kadiri brashi inavyokauka, kisha ghafla inakolea tena. Hapo ndipo mkono uliporudi kwenye kikopo cha rangi. Miaka mia tano imepita na pumzi ya mtu bado inahesabika.

Hospitali ya Santa Maria Nuova ya Florence, iliyoanzishwa mwaka 1288 na ingali ikitibu watu, iliagiza karibu mitungi 1,000 kwa mfinyanzi Giunta di Tugio mwaka 1430 na 1431. Inayodhaniwa kuwa ya agizo hilo ni minene, yenye mikono miwili, imejaa majani ya mwaloni ya buluu iliyopakwa nzito hadi ikatuna. Kwenye mkono umechorwa mkongojo, alama ya hospitali. Majani ni ya kupendeza, lakini ningepewa kuchagua ningechukua ule mkongojo: mistari michache tu, na hata asiyejua kusoma aliujua mtungi ni wa nani.

Ndani ya mitungi ya namna hii mlikaa vitu ambavyo bibi zetu wangevitambua kwa harufu: ukwaju, mdalasini, na subili ya Sokotra, ile ile inayotufanya tuseme chungu kama shubiri. Mlikaa pia mumia, unga wa maiti za Misri, na hiyo tuiache ilipo. Kuna kasoro moja siifumbii macho: kioo kile kina risasi, na vitu vichachu kama ukwaju huing'oa taratibu. Mgonjwa alilambishwa dawa na chombo chake.

Kioo hiki hubanduka kwanza ukingoni. Mitungi mingi iliyobaki ina mapengo mdomoni, pale uzi ulipokuwa ukikazwa na kufunguliwa, na udongo wa rangi ya biskuti unachungulia.