Maji ya Chai ya Kibo Yametoka Wapi?

Jamani, nianze na kosa langu mwenyewe, ili baadaye msije mkasema nawanyooshea wenzangu vidole bure.

Nilipokuwa na miaka 19 niliandika hadithi fupi ya kijana wa Dar aliyepanda Kilimanjaro ili amsahau msichana. Alianzia Marangu Mtoni, akalala Mandara, akalala Horombo, siku ya tatu jioni akafika kambi ya Kibo. Pale akanywa chai huku akiitazama Mawenzi ikiwaka kwa jua la machweo. Usiku wa manane akaanza kupanda. Alfajiri akasimama kileleni, akalia, theluji ikamfuta machozi. Mwisho. Niliipenda hadithi ile kupita kiasi. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Likizo nikaenda nayo kijijini kwa mama, Marangu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alibeba mizigo ya wageni kwenye mlima ule miaka mingi. Nilimsomea kihambani, chini ya migomba, yeye akinoa panga lake. Alisikiliza mpaka nukta ya mwisho. Halafu akasema:

"Mjomba, hadithi yako nzuri." (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.) "Ila huyo kijana wako kanywa chai Kibo. Maji kayatoa wapi?"

Nikamjibu kwamba ni maji tu, mjomba, yana shida gani? Akacheka mpaka akaweka panga chini.

"Kibo hakuna maji. Maji ya mwisho yako njiani, ukitoka Horombo. Ya kupikia, ya kunywa, ya chai ya huyo mpenzi wako anayelia, yote yanapandishwa na mtu. Mimi ndiye niliyeyabeba. Mbona simo?"

Ndugu msomaji, sijawahi kuhakikiwa vile. Tangu siku hiyo kila andiko la mlima linalopita mikononi mwangu nalipima kwa swali la mjomba. Naliita swali la maji. Mhusika anakula, analala, anapata joto: je, mtunzi anajua vitu hivyo vimefikaje pale?

Tuwaanze wakubwa. Hans Meyer, Mjerumani, alifika kilele cha Kibo Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, baada ya kupokelewa Marangu na Mangi Marealle. Aliandika kitabu kinene. Kuhusu barafu na mawe anaandika kwa uangalifu mkubwa, wala simpunji sifa hiyo: unamwona akichonga ngazi za barafu moja moja kwa shoka, pumzi imemwisha. Na swali la maji analijibu nusu. Anamtaja Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani, aliyekaa nao kambini kwenye baridi ile. Lakini kilele chenyewe akakibatiza jina la mfalme wake, na jina hilo likakaa mpaka kilele kilipokuja kuitwa Uhuru. Naye Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye wenyeji wanamkumbuka kama kiongozi wa safari ile, alikuja kuenziwa rasmi mwaka 1989, miaka mia moja baadaye. Alifariki 1996. Wako wanaobisha kama alifika juu kabisa. Mimi nauliza tofauti: kwa nini ubishi wote uwe wa kufika juu, kana kwamba asiyefika juu hakuupanda mlima?

Halafu Ernest Hemingway. Hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro, ya mwaka 1936, imetuharibu vijana wengi, nami nikiwa wa kwanza. Si kwamba ni mbaya. Ni nzuri mno, na hapo ndipo penye mtego. Harry, mwandishi, anakufa tambarare kwa kidonda kilichooza mguuni, akijutia yote ambayo hakuyaandika. Mlima hapandi hata hatua moja. Anauona ndotoni, akiwa ndani ya ndege. Mwanzoni kabisa kuna chui mfu aliyekaukia karibu na kilele, na hilo si la kutunga, maana mchungaji Richard Reusch alimkuta chui wa namna hiyo huko juu mwaka 1926. Wahakiki wameandika juu ya yule chui mpaka wino umekauka. Juu ya Molo, mtumishi anayeitwa alete whisky na soda, naye akaitika tu, ni nani aliyeandika? Chui ana fumbo, Molo ana sinia. Hemingway, lakini, ana utetezi: hadithi yake ni ya mtu aliyepoteza macho ya kuona watu, na inamshitaki Harry kwa hilo. Sisi tunaomwiga tumechukua theluji, mashitaka tukayaacha.

Sasa tuje kwetu. Katika kikundi chetu cha waandishi nimesoma miswada kadhaa ya mlima. Majina ya wenyewe nayahifadhi, tusije tukagombana kijiweni. Nimeona magonjwa matatu.

La kwanza ni theluji ya kukopa. Mhusika anatoka kambi ya Kibo usiku na mara moja anakanyaga barafu, anateleza, anachonga ngazi. Hiyo ni barafu ya Meyer, bwana! Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka. Kwa kawaida mteremko ule leo ni changarawe na kokoto: unapanda hatua mbili, unarudi moja. Ndiyo maana huondoka usiku, wakati baridi imezigandisha kokoto kidogo na mguu unapata pa kushika. Mwenzetu angeandika kokoto zile angekuwa na picha ambayo Meyer hakuwa nayo, na msiba ndani yake. Yeye akaandika barafu kwa kuwa ndiyo iliyomo vitabuni.

La pili ni kijiji cha kadi ya posta. Marangu inapewa aya moja: migomba, kahawa, wazee wenye busara, watoto wanaopunga mkono. Halafu basi linapita. Lakini mlima huanzia pale pale! Mfongo unaopita kihambani unaleta maji ya mlima kwa mferejí uliochimbwa na mababu, na kuna zamu za kuyafungulia, na kuna ugomvi wa zamu. Kuna mama anayeuza ndizi sokoni ambaye mwanawe yuko Horombo leo. Kuna vijana wanaosimama nje ya geti tangu alfajiri wakiombea jina lao liitwe. Na hayo majina ya vibanda: Mandara na Horombo walikuwa mangi, watu wenye vita na siasa zao, kabla ya hapo vibanda hivyo vilibeba majina ya Bismarck na Peters. Kila anayelala pale analala ndani ya jina lililobadilishwa. Hadithi nzima hiyo, na mwenzetu kapita nayo dirishani.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni la fani. Shuleni tumefundishwa kwamba hadithi ina mwanzo, mgogoro, kilele na suluhu. Basi tukipata mlima tunafurahi: kilele kipo tayari, mita 5,895, kazi kwisha! Kumbe hicho ni kilele cha mgeni. Mpagazi, au mgumu kama wanavyoitana wenyewe huko juu, kwa kawaida huishia Kibo. Kiongozi na mgeni ndio wanaoendelea usiku. Yeye anabaki kulinda mizigo na kuchemsha maji ya watakaorudi. Mjomba wangu alifika Kibo mara ambazo hazihesabu. Uhuru hakuwahi kusimama hata siku moja.

Sasa niambie, kilele cha hadithi ya mjomba kiko wapi? Nilimuuliza. Akafikiri, akasema: getini, siku ya kushuka. Pale mzigo unapotua, mgeni anatoa alichonacho, na kinagawanywa mbele ya macho ya wote. Pale ndipo unapojua kama umebeba kilo 20 siku tano kwa ajili ya ada ya mtoto au kwa ajili ya maneno ya asante. "Moyo unadunda pale," alisema, "kuliko huko juu kwenye hewa ndogo."

Mnaona? Ukihamisha kilele kutoka mita 5,895 mpaka getini, sentensi zote zinabadilika. Kupanda kunakuwa utangulizi. Kushuka, ambako miswada yetu hukupa mstari mmoja, kunakuwa kiini. Fani si chombo cha kumimina chochote tu. Inaamua nani awemo na nani aachwe nje na ndoo ya maji.

Lakini nionye upande wa pili pia, maana nimesoma mswada wa mwenzetu aliyelipata somo hili nusu. Mpagazi wake analia ukurasa wa kwanza, anatukanwa wa pili, anakufa kwa baridi wa tano. Nia njema, kazi mbovu. Ni kweli wapo waliokufa kule, wapo waliopunjwa, na anayeandika hayo aandike bila woga. Ila mtu aliyeumbwa ili aonewe huruma tu naye ni sinia. Mjomba alikuwa bingwa wa kuwabatiza wageni majina ya utani ambayo sitayaandika hapa. Alijua kwa mwendo wa saa moja nani atafika na nani atarudishwa. Alicheza karata Horombo na aliiba zamu. Kwa mgongo ule ule alinunua mabati na kusomesha watoto wawili. Mwandike na ujanja wake.

Mtaniuliza, sasa yule wa Dar aliyemsahau msichana umempeleka wapi? Sikumtupa. Nimeiandika upya hadithi ile mara nne. Yumo bado, anapanda, analia. Lakini sasa anasimuliwa na aliyebaki Kibo, anayemsubiri na birika, asiyejua msichana ni nani ila anaona macho mekundu na kudhani ni ugonjwa wa mlima. Haijakamilika. Sauti ya mjomba inanishinda. Kila nikiishika inageuka kuwa yangu.

Mara ya mwisho nilipomsomea, alinyamaza. Nikafikiri amelala. Kisha akasema maji sasa yapo, ila birika nimeliweka upande wa upepo, halitachemka.

Nimerudi mezani. Nanyi wenye miswada ya mlima, leteni.