Korongo juu ya msonobari: ndege na mti katika chapa za mbao za Kijapani

Chapa za mbao za Japani, zilizosifiwa sana Ulaya tangu karne ya 19, huelezwa mara nyingi kuwa kioo cha maumbile: mchoraji alimwona ndege mtini, akamchora. Maelezo hayo hayatoshi, na shahidi ni korongo. Katika sanaa hiyo korongo na msonobari hufuatana kama chanda na pete, na pengine ndege huyo huonyeshwa ametua tawini. Lakini korongo wa Japani mwenye utosi mwekundu hatui mtini. Kidole chake cha nyuma ni kifupi mno, hakiwezi kushika tawi. Makao yake ni vinamasini. Je, wachoraji walikosea? La. Korongo ni ishara ya maisha marefu, na msonobari, usiopukutisha majani, vilevile. Wawili hao wameunganishwa na maana, si na maumbile.

Ndivyo ilivyo kwa mplamu na uguisu, ndege mwimbaji anayetangaza mwisho wa baridi, na kwa mwanzi na shomoro. Jozi hizi zilikwisha kukomaa katika ushairi kabla ya kuchongwa kwenye vibao vya mcheri. Katika chapa nyembamba za Hiroshige (1797–1858) za miaka ya 1830, mara nyingi shairi limeandikwa kando ya ndege. Mtazamaji alitazama na kusoma kwa pamoja.

Asiyeisoma lugha hiyo hubaki na urembo. Mwaka 1887 Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta chapa ya Hiroshige ya mwaka 1857, ile ya bustani ya miplamu ya Kameido, akajaza pembezoni maandishi ya Kijapani yaliyotoka kwingine. Uhodari wa mkono wake hauna ubishi. Ila herufi alizitumia kama maua.

Hata hivyo, mchambuzi asidhani kwamba sanaa hii ni mazoea matupu. Mwaka huohuo wa 1857 Hiroshige alichora uwanda wa Jūmantsubo, huko Fukagawa, chini ya theluji. Tai mkubwa amejaza sehemu yote ya juu ya picha. Hana tawi, hana mwenzi. Chini kabisa miti michache imefunikwa na theluji, na pipa dogo la mbao laelea majini. Tai ainamia huko. Anatafuta nini, picha haisemi. Jozi imevunjwa, na aliyezoea kumwona ndege pamoja na mti wake ndiye atakayeushtukia upweke huo.