Nakala iliyochakachuliwa: Thomas Wise na tamthilia za kale za Waingereza

KUNA neno moja ambalo wauzaji wa vitabu vikuukuu huko Uingereza hulitumia kinyume na watu wengine wote. Ukimwambia mtu kwa Kiingereza kwamba yeye ni ‘sophisticated’ atafurahi, maana umemwita mstaarabu na mjuzi wa mambo. Lakini neno hilohilo likiandikwa kuhusu kitabu katika katalogi ya mnada, mnunuzi makini hukunja uso. Maana yake ni kwamba kitabu hicho kimepachikwa karatasi zisizo zake. Zamani neno hilo lilisemwa pia kuhusu mvinyo uliotiwa vitu vingine. Kiswahili chetu kina neno linalokaa hapo bila kulazimishwa: kuchakachua. Petroli ikitiwa mafuta taa imechakachuliwa. Kitabu nacho vivyo hivyo.

Nimeanza na neno hili kwa sababu ya hoja ambayo husikika mara kwa mara katika mijadala ya fasihi, kwamba wakusanyaji vitabu ndio waliotuokolea tamthilia za Waingereza za karne ya 16 na 17, kwa hiyo yatosha tuwashukuru. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu, na nusu ya pili ndiyo inayonikera.

Nianze na ule ukweli. Tamthilia hizo zilichapishwa katika vijitabu vya kwarto, yaani karatasi kubwa ya matbaa ilikunjwa mara mbili ikatoa karatasi nne. Zilishonwa kwa uzi tu, zikauzwa kwa bei rahisi, zikasomwa hadi zikararuka. Maktaba hazikuzitaka. Sir Thomas Bodley, mwanzilishi wa maktaba maarufu ya Oxford, mnamo 1612 alimwandikia mkutubi wake kwamba vitabu vya aina hiyo visijaze rafu zake, maana kwa maoni yake ni kwa shida mmoja tu katika 40 ungefaa kuhifadhiwa. Na haya yalikuwa miaka miwili tu baada ya wachapishaji wa London kukubali kuipa maktaba hiyo nakala ya kila kitabu walichochapisha! Kumbe mtu anaweza kuletewa hazina mlangoni akaiona takataka.

Waliojaza pengo hilo ni watu binafsi. Mwigizaji David Garrick alikusanya tamthilia za kale kwa mamia, na alipofariki mwaka wa 1779 akaliachia Jumba la Makumbusho la Uingereza. Henry Folger, tajiri wa mafuta wa Marekani, alinunua nakala 82 za Folio ya Kwanza, ile juzuu kubwa ya tamthilia za Shakespeare ya mwaka wa 1623. Wapo waliomwona kama mtoto anayekusanya vifuniko vya chupa. Kwani mtu anataka nakala 82 za kitabu kimoja za nini? Jibu lilikuja baadaye. Charlton Hinman alizilinganisha makumi ya nakala hizo ukurasa kwa ukurasa, na katika kitabu chake cha 1963 akaonyesha jinsi wapangaji herufi walivyogawana kazi, na jinsi masahihisho yalivyofanywa huku mashine ikiendelea kuchapa. Karatasi zilizokwisha kuchapwa na makosa hazikutupwa. Ziliingizwa vitabuni pamoja na zilizosahihishwa. Ndiyo kusema nakala mbili za chapa moja si mapacha.

Jambo hili si la Waingereza peke yao. Tamthilia 18 kati ya 36 zilizomo katika Folio hiyo hazikuwa zimechapishwa kabla ya hapo. Miongoni mwazo ni Julius Caesar, Macbeth na The Tempest. Basi Mwalimu Nyerere alipoifasiri ya kwanza, na S. S. Mushi alipotupa Makbeth na Tufani, matini yao yote yalitegemea juzuu hiyo moja. Anayefundisha tafsiri hizo hawezi kusema ati habari za karatasi kuukuu hazimhusu.

Sasa nusu ya pili. Thomas James Wise, aliyezaliwa 1859, alikuwa karani katika biashara ya mafuta ya manukato, akapanda hadi kuwa mkusanyaji aliyeheshimiwa kuliko wote Uingereza. Alikuwa rais wa Chama cha Bibliografia. Mwaka wa 1934 vijana wawili, John Carter na Graham Pollard, walithibitisha kwa kuchunguza karatasi na herufi kwamba vijitabu kadhaa vya washairi wa karne ya 19, ambavyo Wise ndiye aliyevisambaza, vilikuwa bandia. Aibu hiyo hutajwa sana. Mimi naona ya pili ni nzito zaidi, ingawa Wise alikufa 1937 kabla haijafichuka.

Wise alitaka tamthilia zake za kale ziwe kamili. Kwarto iliyopungukiwa na karatasi ya jina au ya mwisho ilimkera, na pia ilikuwa na bei ndogo. David Foxon, aliyekuwa mfanyakazi wa Jumba la Makumbusho, aligundua katika miaka ya 1950 kwamba karatasi zilizokosekana katika tamthilia za Jumba hilo zilikuwa ndani ya vitabu vya Wise. Uchunguzi wa namna hiyo ni wa subira. Tundu la mdudu linaanzia ukurasa huu na kuendelea katika karatasi iliyo kitabu kingine. Doa la maji linakatika ghafla. Matundu ya sindano ya mshonaji yanaoana. Foxon alihesabu karatasi 206 zilizoibwa. Kati ya hizo, 89 zilikuwa katika maktaba binafsi ya Wise, na 60 katika vitabu alivyomuuzia John Henry Wrenn, mfanyabiashara wa Chicago aliyemwamini kama ndugu. Vitabu hivyo sasa viko Chuo Kikuu cha Texas. Matokeo yalichapishwa 1959 na chama kilekile alichokiongoza Wise.

Wengi huona hapa wizi tu. Mimi naona pia nadharia mbovu ya kitabu. Ikiwa nakala za chapa moja hutofautiana, basi ukichomoa karatasi huku ukaipachika kule umetengeneza kitabu ambacho hakikuwahi kutoka katika matbaa yoyote. Mhakiki wa matini akikisoma anadanganyika mara mbili: kwa kile kilichoongezwa hapa na kile kilichopunguzwa kule.

Linganisha na Hamlet ya 1603, iliyo fupi sana kuliko tuijuayo, ambamo Polonius anaitwa Corambis. Nakala zake zilizopo ni mbili. Ya kwanza, iliyopatikana 1823, haina karatasi ya mwisho. Ya pili, ya 1856, haina karatasi ya jina. Moja iko California, nyingine London, na hakuna aliyejaribu kuzioanisha. Kila moja ina kilema chake, na kila moja inaaminika.

Oxford nao waliiuza Folio yao walipopata chapa mpya ya 1664. Ilipojitokeza tena 1905 wakalazimika kuchangisha pauni 3,000 ili kuirudisha. Ilikuwa bado katika jalada lake la awali, na kurasa zilizochakaa zaidi ni za Romeo na Juliet. Tunajua kwa macho yetu wanafunzi wa karne ya 17 walipenda kusoma nini. Ingepitia mikononi mwa Wise, uchakavu huo ungeondolewa.

Jumba la Makumbusho lilinunua maktaba ya Wise mwaka wa 1937 kwa pauni 66,000. Yaani lilinunua karatasi zake lenyewe zilizoibwa, bila kujua. Wapo watakaosema zing’olewe zirudishwe zilikotoka. Nitawapinga. Hizo karatasi sasa ni ushahidi, na kila mkono unaozigusa kwa nia ya kutengeneza unafuta alama. Ziachwe zilipo, na katika katalogi iandikwe waziwazi, karatasi baada ya karatasi, ipi ilichomolewa katika kitabu gani.