Vitenzi vya Hali na Vitenzi vya Tendo: Kasoro ya Kipimo cha Kigeni

Katika shule za Afrika Mashariki, mwanafunzi hukutana na mgawanyo wa vitenzi vya hali na vitenzi vya tendo kwanza katika somo la Kiingereza. Hufundishwa kwamba vitenzi vyenye maana ya kujua, kumiliki au kufanana ni vya hali, na kwamba kwa kawaida havichukui umbo la tendo linaloendelea. Mgawanyo huo una msingi, na Zeno Vendler aliupanua mwaka 1957 kwa kuvipanga vitenzi katika mafungu manne: hali, shughuli, ukamilisho na ufikio. Kasoro huzuka pale orodha ya Kiingereza inapotafsiriwa na kugeuzwa kanuni ya Kiswahili.

Na atazamwe mzee aliyeketi barazani katika mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mwilini ana kanzu. Kiingereza humweleza kwa umbo la tendo linaloendelea, kuketi na kuvaa pia. Mwanafunzi anayefuata umbo hilo huandika: "Mzee anaketi barazani, anavaa kanzu." Msomaji wa Mombasa atamwona mtu anayejishusha kitako huku kanzu ikiwa bado haijamfika miguuni. Kiswahili husema: "Ameketi, amevaa kanzu." Tendo limekwisha, iliyobaki ni hali.

Jambo hili si geni kwa wanasarufi. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alitambua kuwa -me- huonyesha tendo lililotimia na pia hali inayotokana nalo. Hata hivyo, kulieleza kama sifa ya njeo peke yake hakutoshi, kwa kuwa kitenzi chenyewe kina sehemu yake. Neno "bado" latosha kuwa kipimo. Husemwa "bado amelala", "bado amesimama", "bado amevaa". Lakini "bado amekimbia" haikubaliki kwa maana hiyo. Wala "bado amejua" haikubaliki, ingawa kujua ni hali. Kitenzi hicho, pamoja na -penda na -taka, huonyesha hali kwa -na-: "bado anajua". "Amejua" ni kuingia katika ujuzi.

Basi Kiswahili kina vitenzi vya hali vya namna mbili: vile ambavyo ni hali tangu asili, na vile vinavyotaja mlango wa kuingilia katika hali. Kiingereza hakiwezi kuwa kipimo cha namna hii ya pili.

Ushahidi wa kale waunga mkono hoja hii. Katika ushairi wa lahaja za kaskazini, Kimvita kikiwemo, hupatikana maumbo kama "alele" na "asimeme", ambamo hali huonyeshwa na mwisho wa kitenzi. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na maumbo hayo yakabaki nje ya vitabu vya shule. Mwanafunzi wa Mombasa akanyimwa mfano uliokuwa ukingoni mwa ulimi wa wazee wake.

Hasara yake haiishii darasani. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na habari za nyumba zake huhitaji lugha ya uangalifu. "Ukuta umebomoka" na "ukuta umebomolewa" zote huacha kifusi kile kile. Lakini sentensi ya pili hukubali swali "na nani?", ya kwanza hulikataa, kwani kauli ya kutendeka hutaja hali bila kumtambua mtenda. Mwandishi wa ripoti anayezichanganya, kwa kuwa kitabu kilimfundisha kwamba zote mbili ni "umbo la kutendwa", aweza kumwondolea mtu lawama, au kuitwika mvua.

Kwa hiyo vitabu vya sarufi havina budi kuanza na Kiswahili chenyewe: mzizi, kiambishi cha njeo na mnyambuliko vichunguzwe kwa pamoja, kisha ndipo Kiingereza kiletwe kwa kulinganisha. Mwalimu akifanya hivyo, mwanafunzi ataelewa pia kwa nini "najua" haitafsiriki kwa umbo la Kiingereza la tendo linaloendelea, na lugha zote mbili zitapata haki yake.