Grafu Inayojichora Kila Programu Inapojengwa

Mhandisi akishawasilisha badiliko lake, seva ya ujenzi kama Jenkins hulichukua, huijenga programu upya, huiendeshea majaribio, kisha hutoa hukumu: imefaulu au imeanguka. Kasi haihukumiki kirahisi hivyo. Programu inaweza kutoa majibu sahihi mwaka mzima huku ikizidi kuchelewa, haba na haba. Tuseme kengele imetegwa ilie muda wa kujibu ukiongezeka kwa asilimia 10 kutoka ujenzi mmoja hadi unaofuata, na programu inachelewa kwa asilimia 1 tu kila wiki. Kengele hailii hata mara moja, lakini baada ya wiki 52 muda ule umeongezeka kwa takriban theluthi mbili. Grafu iliyochorwa vizuri ingekuwa imelionyesha hilo mapema sana, na kuichora vizuri ni ufundi ninaouheshimu mno.

Ufundi huo huanzia mbali na rangi na mistari. JMeter, chombo cha Apache kilichoanzia mwaka 1998, huandika mstari mmoja kwa kila ombi: saa, jina la ombi, milisekunde zilizotumika, limefaulu au la. Jaribio moja huacha maelfu ya mistari hiyo. Fundi makini huanza kwa kutupa ya mwanzo, kwani programu ya Java, kwa mfano, huchukua muda kushika kasi: msimbo unaotumika sana hugeuzwa kuwa lugha ya mashine wakati kazi imeshaanza. Pia hung'ang'ania mashine ileile, isiyo na kazi nyingine, la sivyo grafu itasimulia habari za jirani.

Halafu huukataa wastani. Kati ya maombi 100, 98 yakijibiwa kwa milisekunde 20 na mawili yakasubiri sekunde 3, wastani ni kama milisekunde 80, muda ambao hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeuonja. Kwa hiyo fundi huchora mstari wa kati, wa nusu ya maombi, na juu yake mstari wa muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauvuki. Nafasi kati ya mistari hiyo miwili ndiyo ninayoitazama kwanza. Ikipanuka, kuna watu wanaoteseka hata kama walio wengi wameridhika.

Kuchora kwenyewe kunaweza kuachiwa gnuplot, programu ya tangu mwaka 1986, ambayo hutengeneza picha kwenye seva isiyo na skrini wala mtu wa kubofya. Inabaki kuamriwa vyema. Mhimili wa wima ukiachwa ujipime wenyewe kila ujenzi, mtikisiko wa milisekunde 2 utasimama kama Kilimanjaro. Fundi huufunga uanzie sifuri. Na kila nukta huibandika namba ya badiliko lililoizaa. Hapo ndipo ninapovua kofia, maana anayeona mstari umeruka hahitaji kuulizana na wenzake kuhusu wiki iliyopita; anafuata namba na kuufikia msimbo wenyewe.

Wahandisi wa MongoDB walieleza katika makala ya mwaka 2020 jinsi walivyoupeleka ufundi huu mbele. Awali walilinganisha matokeo mapya na ya zamani kwa viwango vilivyopangwa, na kengele za uongo zikawachosha. Wakahamia kwenye kanuni ya kihesabu iitwayo E-Divisive, inayoutazama mfululizo mzima wa matokeo na kutafuta mahali ambapo tabia yake imebadilika kweli, badala ya kushtushwa na nukta moja iliyopotoka. Hata hivyo kanuni hiyo hupendekeza tu. Kila alama inayowekwa kwenye grafu hupitiwa na mtu, anayeamua kama ni kelele za mashine au ni badiliko la kufunguliwa jalada na kukabidhiwa aliyeliandika.