Twiga Katika Barua ya 1914

Kwa kawaida mhakiki huchambua kazi ya mwenzake. Mimi leo nachambua yangu mwenyewe, kwa sababu kosa nililolifanya humo naliona pia katika hadithi nyingi za vijana wenzangu, na sipendi kuanza kwa kunyoosha kidole.

Kazi yenyewe ni sura ya tatu ya riwaya ninayoiandika hapa Kondoa tangu nimalize kidato cha nne. Humo karani mmoja wa boma anamwandikia mkewe aliyeko Tabora. Mwaka ni 1914. Nikaeleza kwa mbwembwe jinsi alivyonunua stempu ya senti kumi yenye picha ya twiga, akailamba, akaibandika. Jamani, niliipenda sentensi ile! Nikampelekea babu mmoja wa mtaani kwetu, karani mstaafu anayekusanya stempu, anisomee. Alipofika pale akavua miwani.

"Mjukuu wangu, barua hii haikutumwa."

"Kwa nini, babu?"

"Huyu twiga alikuwa hajazaliwa."

Akatoa daftari lake tukakaa nalo mpaka magharibi. Stempu za twiga za Tanganyika zilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza, na bei zake ni za senti na shilingi. Mwaka 1914 bado tulikuwa kwa Wajerumani. Stempu zao za kwanza hapa, za mwaka 1893, zilikuwa zilezile za Ujerumani, zimegongwa bei ya pesa juu yake. Mwaka 1901 zikaja zenye picha ya Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaisari. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1905 bei kwenye stempu zikageuka kuwa heller, 100 kwa rupia, na hiyo heller ndiyo iliyotuachia neno "hela". Kwa hiyo ukikuta meli yenye bei ya pesa, ni toleo la kabla ya 1905. Ukikuta ya heller, ni ya kuanzia mwaka huo. Karani wangu alitakiwa kubandika meli ya heller. Mimi nikambandikia twiga!

Lakini kosa la mwaka ni dogo. Nilipozitazama picha zenyewe ndipo nilipoona kubwa zaidi. Kondoa na bahari wapi na wapi? Ila kila barua iliyotoka hapa ilibeba meli ya Kaisari. Tena meli hiyohiyo iliwekwa kwenye stempu za Kameruni, Togo na hata Samoa, likabadilishwa jina la koloni tu. Waingereza nao wakaleta kichwa cha twiga. Kuanzia 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zilipotumia stempu za pamoja, tukaona simba, Mlima Kilimanjaro, ziwa, na sura ya Mfalme pembeni. Mvunaji wa kahawa na mvunaji wa mahindi tunawaona kwenye stempu za Uhuru, Desemba 1961.

Sasa soma hadithi zetu za "enzi za mkoloni". Mkoloni huyo hana taifa wala mwaka. Jua linazama, twiga anapita, mzungu anachapa kiboko, basi. Hadithi hiyo waweza kuihamishia Kameruni kwa kubadilisha jina la kijiji tu, kama ile meli. Tunajidai tunamsema mkoloni, kumbe tunatumia picha zake.

Babu alinifundisha kuangalia muhuri wa posta kabla ya picha. Picha huchaguliwa na watawala, mbali huko. Muhuri hugongwa mahali barua ilipopita, siku iliyopita. Wakati wa Wajerumani muhuri wa hapa ulisomeka Kondoa-Irangi. Mwanza waliiandika Muansa, Moshi wakaiandika Moschi. Hadithi zetu nyingi zina picha nzuri, muhuri hazina.

Rafiki yangu mmoja anapinga. Anasema riwaya si faili la serikali, na msomaji gani atakagua stempu? Namjibu hivi: Adam Shafi katika *Kuli* alishika mgomo wa Zanzibar wa 1948, na tarehe ile haikumbana hata kidogo. Nami nilipoacha kubuni ovyo, kisa chenyewe kilikuja. Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya van Deventer yaliingia Kondoa. Mei, Lettow-Vorbeck akajaribu kuirudisha, akashindwa. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Wabelgiji wakatoa stempu za Kongo zilizogongwa maneno ya Kifaransa na Kiholanzi, kwamba ni za eneo walilolishika. Mwaka 1917 Waingereza nao wakagonga herufi G.E.A. kwenye stempu za Afrika Mashariki na Uganda.

Fikiria basi: mume yuko upande wa Mwingereza, mke kwa Mbelgiji, na barua yenye meli ya Kaisari iko njiani. Nani ataipokea? Nani ataisoma kwanza? Karani aliyekula mshahara wa Mjerumani atathubutu kuandika nyingine? Kisa hicho nilikuwa nimekikalia miaka miwili nikihangaika na twiga.

Sura ya tatu nimeichana, naianza upya. Wenzangu wenye miswada ya zamani hizo, kabla hamjaileta hapa, mwulizeni kila mhusika swali moja: barua yako imegongwa muhuri wapi, na tarehe ngapi? Akikosa jibu, mrudisheni posta.